Mia Mbili Hamsini na Sita

Saa nne usiku seva ilianguka mara ya tatu.
Hapa Cēsis ni Novemba, jioni ya mishumaa,
na mji mzima umerudi kutoka makaburini
vidole vikinuka nta, viatu vimeshika majani yaliyooza,
na kila nyumba imewasha kompyuta
kumtafuta bibi katika daftari za ubatizo.

Mimi niko jikoni, Arvīds, na mashine yako.

Niliianzisha upya. Ikapumua dakika sita.
Nikafungua daftari la matukio:
*Kumbukumbu imekwisha. Nimeua mchakato 4417.*
Inasema hivyo tu, bila haya,
kama karani akatae risiti.
Nafasi ikiisha, mfumo humtafuta mnene kuliko wote
ukamchinja, na mnene wetu
ni hifadhidata,
yule aliyebeba majina.

Neno ni moja, kumbukumbu:
ya mashine, gigabaiti mbili, za kununua kwa bei ya buti;
ya parokia, masanduku mia nne,
wino wa kahawia, panya, mafuriko ya mwaka fulani,
Dārta binti Miķelis, alizaliwa Jumanne, akafa Ijumaa.
Ya pili imeomba kupita ndani ya ya kwanza
na mlango ni mwembamba.

Nilihariri faili. Nikapunguza hiki, nikaongeza kile,
nikaianzisha, ikaanguka.
Nikapunguza tena. Ikaanguka vilevile, kwa dakika zilezile.
Chai ikapoa, nikainywa hivyo hivyo.
Dakika arobaini nampigia mbuzi gitaa
ndipo nikaona: faili lile halisomwi na mtu.
Ulilinakili zamani, ukaliacha hapo kama koti la marehemu kwenye ndoano,
na lile la kweli liko folda ya pili, jina lilelile,
herufi moja tu tofauti.

Ningekutukana. Nilikutukana, kidogo.

Halafu nikalifungua la kweli.
*Watumishi wasizidi: 256.*
Kila mtumishi anakula megabaiti arobaini na nane.
Nilizidisha nyuma ya bahasha ya bili ya umeme:
gigabaiti kumi na mbili, kwenye mashine ya mbili!
Umewaalika watu wa harusi
kwenye chumba cha kitanda kimoja.

Na juu ya namba hiyo, kwenye mstari
ambao mashine huuruka na binadamu pekee husoma,
uliandika:
*Siku moja watakuja wengi.*

Miaka tisa. Najua takwimu, nimeziona.
Wageni wanne kwa siku. Saba, siku ya mvua.
Mmoja wao ulikuwa wewe, ukihakiki kama bado iko hewani.

Nilikaa na mstari ule kuliko ilivyonipasa.
Simu za watu zilikuwa zinaingia.

Kisha hesabu: mia sita ziwe za mfumo na hifadhidata,
zinazobaki gawa kwa arobaini na nane.
Ishirini na nane. Nikaandika ishirini na nane.
Mlango uliokuwa ukishikiliwa wazi sekunde kumi na tano
kwa kila mgeni aliyekwisha kuondoka
nikauachia kwa mbili.
Nikaomba ukaguzi: *mstari wa 31, mabano hayajafungwa.*
Nikayafunga. Nikaianzisha.

Grafu ikapanda,
ikafika pale inapofiaga,
ikasita.
Ikabaki hapo, inatetemeka, haianguki.
Watu wakawa wanasubiri zamu, sekunde moja, tatu,
wakiingia ishirini na nane ishirini na nane,
na wanatoka na Dārta wao.

Mstari wako sikuufuta.

Asubuhi nilikupigia simu Liepāja. Binti yako akasema uko bustanini,
unafunga miti ya tufaha magunia kabla ya barafu.
Nikasubiri. Nikasikia buti zako sakafuni.
Nilijiandaa kukueleza yote, faili, bahasha, mabano,
nawe hukuuliza kilichoharibika.

"Dzintra," ulisema, "walikuja wangapi?"