Mahali Pasipo Rangi

Volga ya Bondo ni ya mwaka hamsini na nane.
Ina kulungu wa chuma puani, pembe moja imevunjika,
na taa zake, jioni ile, zilitoa rangi ya chai
ya majani yaliyochemshwa mara ya pili.
Ukikanyaga breki, kiashiria cha kushoto kinakonyeza.
Ukipiga honi, taa zinasinzia.
Mtaa mzima wa juu, hapa Chiatura, una shauri moja: nunua betri.
Bondo amenunua betri tatu.
Ya tatu bado anailipia.

Basi akaja Tsiala,
aliyekuwa fundi wa vigari vya angani
vilivyowavusha wachimbaji wa manganizi juu ya bonde,
miaka thelathini na mmoja akining'inia na spana mdomoni.
Hakusalimu. Alifungua boneti.
"Keto, shika tochi. Usinimulike machoni."

Ncha moja ya mita kwenye betri,
nyingine kwenye ubavu wa injini.
"Bondo, piga starta."
Injini ikakohoa kama mvuta tumbaku alfajiri.
Mshale ukaruka: volti mbili na nusu
zimepotea baina ya chuma na chuma.
Akagusa waya wa choki, akarudisha mkono upesi, akanyonya kidole.

"Mnaona? Injini imekalia mipira. Mkanda wake wa ethi umelika.
Umeme umefika, umefanya kazi, unataka kwenda kwao.
Mlango hauupati, unajipenyeza kwenye huu uzi wa choki
kama mtu mnene anayetokea dirishani.
Nyinyi mnalisha tu. Betri, betri, betri.
Nani aliuliza unarudije?"

Tukaingia chini ya gari, migongo kwenye saruji baridi.
Mkanda wa shaba tuliukuta, nyuzi nyuzi, kijani kama ukoga,
na bolti yake, na chini ya bolti
rangi ya buluu.
Rangi nzuri. Tabaka tatu, zimelainishwa kwa mkono.

Bondo akanyamaza.

Rangi ile aliipaka Tamazi, mwanawe,
wiki ya mwisho kabla hajapanda basi la Thesaloniki
kwenda kubeba matofali miezi sita.
Miezi sita hiyo sasa ina miaka kumi na minne.
Alipaka milango, alipaka fremu, alipaka pasipoonekana,
hata pale chuma kilipotakiwa kugusa chuma.
Hakuacha upenyo.

"Hapa ndipo," akasema Tsiala, msasa mkononi.
"Usiguse," akasema Bondo.

Mvua ikaanza juu ya bati.
Tsiala hakubishana. Alitoa sarafu mfukoni, tetri ishirini,
akaibandika juu ya buluu. "Kiasi hiki tu. Mahali patatu."
Bondo aliitazama sarafu mpaka tochi ikanichosha mkono,
kisha akauchukua msasa yeye mwenyewe.

Alisugua taratibu, kama anayemfuta mtoto uso.
Buluu ikatoka. Ukatoka wekundu wa kuzuia kutu.
Kikabaki chuma, cheupe, uchi, kama kinaona haya.

Mkanda mpya, mnene kama kidole gumba.
Washa yenye meno. Nati. Kaza. Kaza tena.
Grisi juu yake, mvua isipate habari.
"Na ukumbuke," Tsiala akaninong'oneza,
"hii ya kale ethi yake ni chanya. Ya leo yote ni kinyume.
Kijana akija na waya mweusi anajidai anajua, mfukuze."

Bondo akapiga starta.
Haikukohoa. Iliitika.
Taa zikaupiga ukuta, nyeupe, tukaona kila kitu:
ndoo, buibui, kalenda ambayo hakuna aliyeifunua.
Na mshale wa petroli, uliosimama nusu tangu sijaanza shule,
ukatetemeka, ukashuka, ukalala kwenye sifuri.

"Umeuharibu!"
"Ndiyo kwanza unasema kweli," Tsiala akajibu, akifuta mikono.
"Nenda kanunue mafuta."

Akaenda. Mvuani, kwa miguu, jerikeni begani,
na kucha zake za buluu hakuziosha.