Kete Moja Mkononi

Walinipa kazi ya kuhesabu
kwa kuwa sina gari tena, na kwa kuwa, alisema Shaame Kombo,
"mtu wa bao haibiwi kete."
Nikaketi juu ya pipa la dizeli, bao magotini,
magari sita, mashimo sita,
gari likinipita nalitilia komwe yake.
Mizunguko ishirini. Idi pili. Kiwanja cha mpira, Konde.

Njia waliichonga jana kwa majembe
kandokando ya mstari wa chokaa,
mataira yamefukiwa nusu yawe ukuta,
na goli la kaskazini limeng'olewa
maana mwaka jana Mbarouk alifunga kwa bampa.

Na magari! Usicheke.
Hakuna hata moja lenye kioo.
Milango imechomelewa, viti vimetupwa,
dereva anaingia dirishani kama mwizi
na anatoka kama aliyefumaniwa.
Suzuki ya Haji wa barafu bado inanuka changu.
Na ile Korola nyeupe, saba yake imepakwa kwa kidole,
hiyo naijua.
Hiyo ilikuwa yangu.

Miaka kumi na mmoja, Konde mpaka Chake, Chake mpaka Mkoani.
Usiku ule walipotuandikia Mkoani
Mize kiti cha nyuma akiuma kanga, akiitema
ili anitukane mimi, ukoo wangu, na aliyeichora barabara ile.
Riziki hakungoja hospitali.
Alizaliwa Mtambile, penye kona,
taa za gari zikimulika mihogo ya watu.
Tangu siku hiyo mlango wa nyuma ukagoma kufunga.
Niliufunga kwa kamba ya nailoni
nikawaambia abiria: shukeni upande wa pili.

Kitambaa kikashuka.
Wote kushoto.
Kushoto, tena kushoto, na tena kushoto,
vumbi likapanda juu ya paa la skuli,
bibi mmoja akalilalia sinia lake la visheti,
watoto ukutani wakipiga kelele za namba:
Saba! Tatu! Saba!
Komwe. Komwe. Komwe.
Na gia ya pili ikilia vilevile,
kilio kilekile cha kupanda kilima,
ila hapa hapana kilima.

Mimi gari nimelijua la kwenda mahali.
Mtu apande, ashuke, alipe,
au aahidi kulipa.
Sijapata kuona chombo kikikimbia namna hii
kisifike.
Wala sijapata kuona watu wakifurahi hivyo
kwa kutofika.

Mzunguko wa kumi na nne, Faki, kijana wa gereji,
aliibana Tatu konani,
bati likasaga bati,
nikasikia mlango wa nyuma ukifunguka
(uchomeleaji gani ule, Faki?)
ukapiga, ukapiga,
kama bawa la kuku aliyekwisha chinjwa.
Nikasimama. Mhesabu, nikasimama!
Bao likateleza, nikalidaka,
haikumwagika hata moja.

Nilipoketi, komwe imo kiganjani,
ya moto kwa jasho.
Ya nani?
Ya Saba iliyokwisha pita? Ya Tatu?
Au nimeichukua kabla ya wakati, haina mwenyewe?
Na wao hao, wanakuja tena, kushoto.

Mwisho Tatu ishirini, Saba kumi na tisa.
Shaame akainua mkono wa yule wa Tatu.
Faki akanijia, uso mzima vumbi, macho mawili tu:
"Ami, umehesabu sawa?"
Shaame akacheka, akamjibu kwa niaba yangu:
"Mtu wa bao haibiwi kete."
"Kweli," nikasema. "Haibiwi."

Usiku nikaiweka komwe juu ya mkeka
nikamwambia Mize yote.
Alikuwa anachagua mchele, hakuinua kichwa.
Akaigeuza kwa kidole kimoja, akairudisha.
"Na ule mlango," akauliza, "ulifunguka?"
"Ulifunguka."
Akacheka mpaka mchele ukamwagika,
mpaka Riziki akatoka chumbani
kuuliza kuna nini.