Mabibo ya Newala

Korosho zimekwenda ghalani,
mabibo yamebaki kwangu, na nzi wake.
Nimeyachemsha kwa chumvi ukakasi utoke,
kisha sukari, ndimu, mwiko,
mpaka jamu ikakataa kudondoka.

Oti ni za uji wa Shaweji:
asubuhi kazitema, sasa zimepata kazi.
Tabaka, jamu, tabaka.
Makaa tele juu ya mfuniko, chini machache,
maana Somoe alinionya:
moto wa juu ndio mwokaji.

Chini kumeungua hata hivyo.
Nimekwangua kwa kisu, nimekata vipande.
Shaweji kala vitatu,
akajifutia shati jeupe la shule.

Doa la bibo, wanasema,
halitoki mpaka msimu uishe.
Basi tungoje wote,
shati na mimi:
malipo ya korosho nayo hayajaingia.