Tope Lenu Lina Sakafu?

Shikuku hakuniuliza nina pesa ngapi.
Alipiga teke tairi la mbele, likaguna,
akachuchumaa, akapitisha kidole juu ya kipara chake
kama tabibu atafutaye mshipa,
kisha, bila kuinua kichwa:
"Huko kwenu Kuresoi, tope lina sakafu?"

Mimi niliteremka Nakuru na jibu mfukoni.
Inchi thelathini na tatu. Niliziona kwa Kibiwott,
zimejaa chini ya gari lake, meno nje,
na watoto wa shule wakiruka mtaroni kuzipisha.
Mimi nina mitungi kumi na minne ya maziwa
na landrova ya marehemu baba
ambayo Aprili nzima ilikokotwa na trekta la watu,
mia tano kila mvuto,
na kejeli juu yake, za bure.

Shikuku akachora kwa chaki kwenye saruji:
duara pana, duara jembamba.
"Tope lisilo na mwisho, lile jeusi la Ahero,
la mashamba ya mpunga, usilichimbe.
Funga pana, upite juu juu kama mdudu wa maji.
Lakini tope lililolalia mwamba
lipasue. Jembamba hushuka,
hushuka, hushuka,
likagusa mfupa, likashika."

Na hizo za Kibiwott?
Akacheka, akifuta mikono kwa kipande cha suruali.
Usukani utakataa kona. Tairi litalamba bodi.
Gia ya pili itapanda mlima kwa kulia.
Breki, ukizikanyaga, zitakwambia subiri.
"Na saa ya mwendo itaanza kukuibia,
maana duara kubwa hula njia nyingi kwa mzunguko mmoja.
Hizi zako nazo ni fupi mno. Nani alikufungia?"

Kaka yangu Wesley.
Mwaka ule wa matanga aliuza ringi za baba,
akafunga hizi za pikapu, akasema gari ni gari.

"Basi miaka minne saa hii inajisifu.
Umekwenda themanini na tisa, yenyewe inaandika mia."

Nikanyamaza.
Baba alikuwa na daftari la kurasa tisini na sita,
penseli imefungwa kwa uzi wa gunia,
na kila usiku, kabla ya kuvua buti, aliandika:
Molo na kurudi. Olenguruone, mvua. Keringet, mgonjwa, sikulipwa.
Mimi niliendeleza daftari lile kwa mkono wangu,
tarakimu chini ya tarakimu,
nikidhani ninaongeza njia yake.
Kumbe ukurasa kwa ukurasa nilikuwa naandika majivuno.

Ndipo nikakumbuka pia jembe.
Nina miaka tisa, gari limekwama karibu na josho,
baba anachimba mbele ya gurudumu, tope linamfika magotini,
mara ng'a! Chuma juu ya jiwe.
Akasimama, akanitazama, akatabasamu
kama mtu aliyebisha hodi akaitikiwa.

"Lina," nikamwambia Shikuku.
"Lina nini?"
"Sakafu."

Akaingia ndani, akatoka akiviringisha ringi nne kuukuu,
kumi na sita, zina kutu pembeni,
na tairi za saba na nusu, ndefu, nyembamba,
zilizosimama kama wasichana wa kidato cha kwanza.
Hazikunivutia hata kidogo.
Nikatoa nusu, nusu tukaandikiana.

Pale josho, saa kumi na moja jioni, mvua ilikuwa imetangulia.
Kibiwott alikuwa kando, amekunja mikono, anangoja kuona.
Nikaingiza gia ya chini. Pua ikainama.
Ikashuka, mitungi ikagongana,
ikashuka, nikauma mdomo,
ikashuka

ikagusa.

Usiku niliandika: Nakuru na kurudi.
Tarakimu ilikuwa ndogo kuliko nilivyozoea.
Spea bado ni ile fupi ya pikapu;
hiyo nitaibadili Juni, ng'ombe wakipenda.