Mkono Begani

Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
fundi saa upande huu, mashine ya kusaga upande ule;
unga hunifuata hadi ndani ya lenzi.
Hapa ndipo ninapokula.
Asubuhi paspoti saizi, pazia la buluu:
"Inua kidevu. Usicheke, serikali haitaki meno."
Koti ni moja, jeusi, liko msumarini;
nusu ya wanaume wa mji huu
wamekwenda kuomba kazi ndani ya koti langu.

Gazeti likipiga simu, mimi ni mwandishi.
Mwandishi wa picha: cheo kirefu, malipo kwa kipande.

Jumanne walipiga. Pongwe, kiwandani,
korona imemshika mtu.
Nikadandia bodaboda, mkanda wa kamera shingoni,
mkonge huku na huku umesimama mistari kwa mistari
kama watoto wa shule wanaosubiri kuchapwa.
Mashine walikuwa wameizima,
nyuzi mbichi bado zikichuruzika maji ya kijani.
Wamemfunika turubai, mguu mmoja uko nje,
kandambili haijavuka.
Nikajua hiyo ndiyo picha.
Nikapiga saba. Wakachukua moja,
ukurasa wa tano, chini ya tangazo la magodoro.
Mmoja afariki. Jina hawakulitaja.
Elfu kumi na tano iliingia kwenye simu
nikiwa dukani, nanunua sukari.

Ijumaa, baada ya swala, akaingia mama,
kanga mbili zisizo doti moja.
"Mimi mama yake Singano."
Akafungua bahasha: picha ya harusi, watu kumi na wawili,
imekunjika pale pale penye uso wa bibi harusi.
"Huyu wa nyuma. Nyingine hatuna.
Mtoe peke yake. Mkubwa, wa ukutani."

Nikamkata taratibu,
sikio, shingo, ule mwanya wa nywele juu ya paji.
Fulana ya kampeni nikaifunika kwa koti.
Mama akasogelea kioo.
"Hilo koti la nani?"
"La studio, mama. La kila mtu."
"Mvue. Mwanangu hakuwa mtu wa kuazima."

Nikamvua.
Ukabaki mkono.
Juu ya bega lake, vidole vinne, pete ya shaba,
mkono wa mtu niliyekwisha kumtupa.
Nikiufuta, bega linatoboka.
Nikiziba, bega linavimba.
"Mkono wa nani huu?"
Akautazama kwa muda mrefu kuliko alivyoutazama uso.
"Sijui. Harusi ina watu.
Uache. Mwenyewe akija kuhani ataujua."

Elfu nane na fremu yake.
Nikasema, mama, hii chukua tu.
Alikuwa ameshaanza kufungua fundo la kanga.
"Kwa nini nichukue tu?"
Nikajishughulisha na kufuta kioo.

"Nilikuona Jumanne," akasema,
akihesabu mia tano, mia tano,
"nilisimama pale kwenye mzani.
Kofia ulivua, kweli, sitakudhulumu.
Ila ulipiga kwanza."

Nikazipokea. Ilizidi mia tano, nikamrudishia.
Fremu nikaifungia gazeti,
nikipekua kurasa moja moja
nisije nikamfungia ile ya tano.
Akaiweka kwapani, akavuka barabara
kwa uangalifu wa mtu aliyebeba mayai.

Halafu akaja kijana, paspoti nne, za haraka,
usaili Jumatatu, bandarini.
Akavaa koti. Mikono ilimfika kwenye vidole.
Nikamshika bega kumnyoosha
na nikachelewa kuuondoa mkono.
"Usicheke," nikamwambia.
Hakuwa amecheka.