Kuoanisha

Karatasi imekunjwa mara nane, herufi zake kama mayai ya chawa.
Naivuta mbali, naisogeza karibu.
Oanisha rimoti na kifaa chako.
Oanisha! Nimekaa Majengo miaka thelathini na mmoja,
nimekuwa mshenga mara mbili, nimebeba mbege ya watu hadi Kibosho,
sijawahi kuombwa niozeshe plastiki.

Kifaa kanitumia Ndeshi, kwa basi la Dodoma,
kimeviringishwa kwenye kanga kama mtoto njiti.
Hakizidi kipande cha sabuni.
"Baba, humo mna dunia nzima," akasema kwenye simu.

Bonyeza kitufe chenye nyumba, sekunde kumi.
Nikahesabu kwa Kichaga, zisiniponyoke.
Taa ikapepesa, ikapepesa, ikafumba.
Toa betri. Zigeuze. Zisugue kwenye suruali
(dawa hii kila mtu anaijua, hakuna aliyefundishwa).
Chomoa kifaa, subiri dakika moja, chomeka.
Dakika ile niliisubiri nimesimama wima
kama tunavyomnyamazia marehemu.
Ondoa vitu vya chuma vilivyo karibu.
Nikaondoa sufuria, nikaondoa pasi,
nikavua hata saa niliyopewa na kiwanda cha kahawa siku ya kustaafu.
Kioo kikaendelea kusema, kwa upole wa karani wa benki:
Inatafuta rimoti.

Hii niliyoishika ni nini basi? Muhogo?

Ndipo vurugu ikaanza nyuma ya ukuta.
Kwa Mama Eshikaeli mahubiri yakakatika katikati ya haleluya,
ukaja mpira, ikaja katuni,
sauti ikapanda hadi mabati yakatetemeka.
Mimi nabonyeza, kwake kunalia.
Nikaacha. Kukatulia.
Nikabonyeza kidogo, kama mtu anayemjaribu mbwa aliyelala.
Katuni.

Tangu Februari hatusemezani, mimi na yeye.
Uniti kumi na moja za Luku, friji lake la barafu,
na neno nililolitoa mbele ya wapangaji wote.
Mita moja, choo kimoja,
tunapishana bombani kila mtu akitazama ndoo yake.
Leo rimoti yangu imeolewa kwake bila mahari!

Hasira ikanipanda. Kuna kitufe chenye alama ya kipaza sauti;
nikakikandamiza, nikaisogeza rimoti mdomoni, nikaikaripia:
"Mbona hunisikii? Niko hapa hapa!"

Katuni ikanyamaza kule.
Kimya cha mtu anayesoma polepole.

Maana, nilikuja kuambiwa, maneno yangu yalimtokea kiooni,
meupe juu ya weusi, kwenye kisanduku cha kutafutia:
mbona hunisikii niko hapa hapa.
Rimoti yake ilikanyagwa na mjukuu wiki iliyopita.
TV yake nayo ilikuwa inatafuta.

Ukuta ukagongwa mara mbili, lipu ikamwagika kitandani kwangu.
"Nakusikia, Baba Ndeshi. Acha kupayuka."

Nyuma ya karatasi kumbe kulikuwa na maelezo mengine:
kutenganisha, bonyeza vitufe vitatu kwa pamoja.
Talaka tatu, basi.
Nikavaa shati. Nje mlima ulikuwa umejifunika,
Julai huwa hautaki kuonwa na mtu.
Nikabisha hodi, mkono mmoja rimoti,
mkono wa pili tarakimu ishirini za Luku, za elfu tano,
nilizokuwa nimezinunua tangu juzi nikakosa pa kuanzia.

Hakuzitazama. Aliitazama rimoti.
Vidole vyangu vimekomaa, vitatu havikai juu ya kitu chembamba hivyo.
"Shika viwili," akasema, "cha tatu niachie."
Tukabonyeza. Nikasikia harufu ya vanila ya barafu zake.
Taa ikapepesa mara tatu, ikafumba.

Kiooni kwake: Inatafuta rimoti.
"Haya," akasema, akipangusa mkono kwenye kitenge,
"umeshachukua chako.
Na mimi mahubiri yangu nitayamalizia wapi?"