Kiyoyozi cha Ruwi

Juni iliingia na nyuzi arobaini na saba.
Mimi nilihitaji kumi na mbili tu:
fidla mbili, selo moja.
Lami ya Ruwi ililainika kama kaimati,
nikajifungia ghorofa ya tatu na penseli sita
na kinanda cha umeme ambacho la yake ya juu
haijasema kitu tangu Ramadhani.

Kazi nilizoahidi ni tatu. Kukataa sikujua.
Nyuzi za Salala. Watoto wa Ibri,
maneno yawe ya kuchuma tende, yasipite dakika nne.
Na sekunde ishirini za benki moja
iliyotaka kitu cha furaha, lakini cha heshima.
Niliandika mara tisa. Ya tisa ni ya kwanza, kinyumenyume.
Wakaipenda. Wakalipa Oktoba.

Nililala saa za watu kuamka.
Mama alikuja na sahani ya mbaazi, akasimama mlangoni,
akasikiliza.
"Thuweba we," kwa Kiswahili chake cha Ng'ambo,
"hii mbona yalia kama friji?"
Nikacheka. Nilikuwa nahesabu mapumziko ya selo.

Julai, Ibri.
Watoto thelathini na mmoja, nusu yao hawana meno ya mbele,
kila sini ikawa tha.
Hilali alikataa kuisifu tende:
"Mimi ndiye ninayepanda mtende. Miba inachoma."
Nikamwandikia mstari wa miba.
Aliuimba kuwashinda wote.
Wazee wao walipiga makofi kabla hatujamaliza,
ikabidi turudie mwisho.

Agosti nikashuka Salala na jasho la Maskati mgongoni,
nikapokewa na manyunyu.
Milima kijani, ngamia katikati ya barabara
kama wenye mji.
Ukumbini madirisha yote wazi.
Rodelio akapiga, Shamsa akapiga, Muadhi akavuta upinde,
kila noti mahali pake
na muziki wote ukaning'inia
kama shati lisilo na mtu.

Muadhi akaweka upinde magotini.
"Huku chini kuna kitu hukukiandika."

Nikampigia mama.
"Sogeza simu kwenye kiyoyozi changu."
"U mzima wewe?"
"Sogeza, mama."
Akasogeza.
Muadhi akabana simu sikioni, akalegeza uzi mnene,
akaushusha, akaushusha tena,
mpaka akaikuta: noti isiyo na jina,
haimo kwenye kinanda, imo chumbani mwangu.
Miezi miwili niliiegemea
nikidhani ni mgongo wangu mwenyewe.

Kurasa nane za selo nilizipiga mstari.
Mapumziko yote yale niliyoyahesabu.
Juu nikaandika kwa kalamu ya Shamsa:
shika hii, usiiache.

Ukungu uliingia dirishani usiku ule, ukakaa na watu.
Safu ya pili mama mmoja alijitanda shela mpaka masikioni
na kumnong'oneza mumewe, "Zimeni basi, baridi."
Hakukuwa na cha kuzima.

Saa tano simu ikaita.
"Walipiga makofi?"
"Walipiga."
"Basi vyema. Na fundi kaja jioni, kiyoyozi chako kilizimika.
Kaweka kipya.
Anaapa hakisikiki kabisa."